Shangazi Anajibu: Kuwasha Moto Bila Kaveera na Bila Petroli

Mvua za Septemba zimeshika na meseji zenu mwezi huu karibu zote ni za moto. Makaa hayashiki, kuni zimelowa, watoto wanaenda kempingi na mwalimu hajui abebe nini. Nimechagua tano, na yule ambaye swali lake halimo aangalie kwanza majibu ya wenzake maana mengi yanafanana.

*Salamu shangazi. Naishi Bwaise, kila asubuhi nawasha sigiri, jiko la makaa, na kaveera, yaani mifuko ya plastiki, kwa sababu makaa yakipata unyevu kidogo tu hayashiki. Mtoto wangu wa miaka miwili anakohoa sana asubuhi, mama mkwe anasema ni baridi. Kuna kitu kingine cha kuwashia ambacho sio ghali?*

Mama, pole ya mtoto, na kabla hujamaliza kusoma hapa panga siku ya kumpeleka kliniki wamsikilize kifua, usingoje mvua ziishe. Inawezekana ni baridi kweli, lakini moshi wa kaveera haumfai mtoto yeyote na wewe mwenyewe unauvuta ukiwa umeinama pale pale juu yake. Angalia vile inavyowaka: inayeyuka, inadondoka matone meusi yanayowaka, yale matone yanaganda kwenye makaa na yanaendelea kutoa moshi hata baada ya wewe kudhani imekwisha, na hapo ndo unaweka sufuria ya uji. Hizi kaveera nyepesi sheria hapa Uganda ilishazikataza tangu 2009 lakini bado ziko kila kona, na najua unaitumia kwa sababu ni ya bure na inashika haraka, sikulaumu hata kidogo.

Sasa nikwambie siri ya kiwashio chochote kile, ukiielewa hii hutanunua tena. Kinahitaji vitu viwili tu, kitu chenye nyuzi na kitu chenye mafuta. Nyuzi peke yake, kama karatasi, inawaka vizuri lakini dakika moja imekwisha na makaa bado meusi. Mafuta peke yake hayashiki, hebu chukua njiti uisogeze kwenye nta isiyo na utambi uone, inayeyuka tu. Ukiviweka pamoja nyuzi zinavuta mafuta juu kidogo kidogo na moto unakaa. Mshumaa ni hivo hivo tu.

Kwako wewe cha rahisi kabisa ni mafuta ya kupikia yaliyobaki, yale ya kukaangia mihogo au chipsi ambayo yameshakuwa meusi huwezi kuyarudia tena. Chukua karatasi ya kawaida au kipande cha boksi, kata kama upana wa vidole viwili, kunja kibane, kifunge na uzi wa kitambaa cha pamba, alafu kilaze kwenye mafuta usiku kucha. Asubuhi kikamue kisiwe kinadondosha, kiweke katikati ya sigiri, panga makaa madogo madogo kukizunguka na mengine juu ukiacha nafasi ya hewa, washa kona ya karatasi. Usiwe na haraka ya kupepea, ngoja mpaka uone makaa mawili matatu yamekuwa mekundu pembeni ndo upepee, ukianza mapema unauzima. Na uwashie nje, mtoto akiwa ndani, sigiri iingie jikoni pale moshi umeisha na dirisha liko wazi.

*Shangazi, mimi ni mwalimu na kiongozi wa skauti hapa Mbale. Likizo tunawapeleka vijana 24 mlimani Elgon siku tatu. Mwaka jana mvua ilitupiga usiku wa kwanza, tukamaliza pakiti mbili za kiberiti na tukalala bila chai. Bajeti ni ndogo sana. Tufanye nini?*

Mwalimu, hii nimeifurahia kwa sababu vijana wenyewe wanaweza kutengeneza viwashio wiki moja kabla na wakafika kule wanajua kinachowaka ni nini.

Nenda kwa muuza rolex, zile chapati za mayai, omba trei za mayai za karatasi zile zilizochanika. Nzima hatakupa, anazirudisha kununulia mayai mengine, lakini zilizolowa au kupasuka anatupa, wewe zianike tu. Chukua zile za karatasi laini za kijivu, za plastiki usiguse. Trei moja ina vishimo 30, maana yake viwashio 30. Alafu pita kwa fundi seremala umuombe unga wa mbao na maranda, ule mkavu wa chini ya mashine, kanisani waombe vipande vya mishumaa vilivyobaki. Hapo umetumia nauli ya boda tu.

Jaza kila kishimo unga wa mbao mpaka karibu na ukingo, usishindilie, ukishindilia sana nta haipenyi na hewa haipiti. Kuyeyusha nta ndo mahali pa kuwa makini kabisa. Weka vipande vya mishumaa kwenye kopo tupu la maziwa, kopo liweke ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka, kwa hiyo nta inapata joto la maji tu na haiwezi kuzidi hapo. Kopo lisiwekwe moja kwa moja kwenye moto hata siku moja. Mimi nilishafanya hivyo, niliweka kopo juu ya makaa nikaenda kufungulia mtu geti, dakika chache tu, kurudi nikakuta linawaka ndimi za moto zinafika karibu na dari. Kijana wa jirani alikuwa ameshachota kikombe cha maji anakuja mbio nikampigia kelele aache, nikachukua mfuniko wa sufuria kubwa nikalifunika polepole kwa pembeni, nikakaa hapo natetemeka mpaka likapoa. Maji juu ya nta inayowaka yanazama chini, yanageuka mvuke mara moja na yanairusha nta yote hewani ikiwa inawaka, huyo mtoto wa watu angeungua uso. Kwa hiyo mfuniko uwe mkononi kabla hujaanza, na vijana wadogo wajaze unga wa mbao, kumimina nta iwe kazi ya mtu mzima.

Nta ikiyeyuka mimina taratibu kila kishimo mpaka unga ubadilike rangi uwe kama umelowa. Acha igande, kata kimoja kimoja na mkasi, acha ukingo wa karatasi umesimama kidogo maana hapo ndo utawashia. Vyangu nikijaza vizuri vinawaka kama dakika kumi kila kimoja, na dakika kumi za moto usiozimika zinatosha kukausha vijiti vyenye unyevu na kuviwasha. Kifanyie majaribio nyumbani, kitupe kwenye beseni la maji nusu saa, kifute, kiwashe. Kikiwaka basi kiko tayari kwa Elgon.

Kule juu jioni kuna baridi kali, karibu na kilele cha Wagagai kwenye mita 4321 usiku unaweza kuganda barafu, na laita za gesi hazipendi baridi. Gesi yake ikipoa sana haitoki vizuri, unabofya unapata cheche tupu. Iweke mfukoni karibu na mwili au uishike kiganjani muda kidogo itarudi. Kiberiti nacho shida yake kubwa ni ule ubavu wa boksi, njiti zile za kawaida haziwaki pasipo ubavu wake, kwa hiyo ukilowa hata njiti zikiwa kavu umekwama. Kata ubavu uweke pamoja na njiti kwenye chupa ndogo yenye kifuniko cha kukaza, gawia vijana watatu tofauti, isikae kwenye begi moja. Na njiti ya kwanza iwashe kipande cha mshumaa, alafu mshumaa ndo uhangaike na kuni. Nadhani pakiti zenu mbili ziliishia hapo, kila njiti inaungua vidole kabla kuni hazijashika.

Ile ni hifadhi ya taifa, mwalimu, kwa hiyo kabla ya safari muulize askari wa Mamlaka ya Wanyamapori wapi mnaruhusiwa kuwasha na kama kuni mnaokota au mnabeba. Majivu myamwagie maji, myakoroge, mmwage tena mpaka mtu anaweza kuweka mkono.

*Mimi dereva wa lori, nalala njiani sana kati ya Malaba na Kampala. Nikipika chai barabarani natia petroli kidogo kwenye kuni, au sanitaiza, inawaka mara moja. Mke wangu anagombana na mimi. Nani mkweli?*

Mkeo, kaka. Petroli haiwaki kama unavyofikiri, kinachowaka ni mvuke wake, na ule mvuke ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka kwenye miguu yako na ukisogeza njiti unalipuka wote kwa pamoja. Na wewe umelala kando ya tangi! Sanitaiza ina spiriti na mwali wake ni wa bluu hafifu, mchana huuoni, kwa hiyo mtu anadhani umezima anaongeza, moto unapanda kwenye chupa mpaka mkononi. Kama unataka kitu cha gari beba magunzi makavu ya mahindi yaliyolowekwa mafuta ya taa, usiku mmoja, yakamuliwe na yafungiwe kwenye kopo la bati lenye mfuniko. Gunzi ni sponji, linanywa mafuta na kuyatoa polepole. Unaliweka chini ya kuni KABLA hujawasha, na moto ukifa huongezi mafuta yoyote juu ya makaa ya moto, unaweka gunzi lingine jipya ukiwa mbali na chupa.

*Shangazi niko Gulu, makaa yamepanda bei tangu ile amri ya 2023 ya kuzuia biashara ya makaa huku kaskazini. Nimeanza kutengeneza briketi za maganda ya karanga, zinakaa vizuri lakini kuwasha ni vita.*

Hongera kijana. Briketi ni nzito na imeshindiliwa, moto wa karatasi hauwezi kuingia. Zivunje mbili tatu vipande vidogo ndo uanze navyo, chini weka kiwashio cha trei ya mayai kama nilivyomweleza mwalimu, nzima zipange juu baadaye. Kama bado zinagoma basi hazijakauka ndani, vunja moja uguse katikati, ikiwa baridi rudisha juani.

*Tunaishi mteremkoni Bududa. Mwaka 2010 ndugu zetu walifunikwa na udongo kule Nametsi, na kila mvua ikizidi tunakimbilia kanisani na watoto. Tukifika kila kitu kimelowa, hakuna wa kuwasha moto. Nataka kuwa na kitu tayari.*

Dada yangu, pole sana, na umefikiri vizuri kuliko wengi wetu. Tengeneza furushi moja dogo liwe linaning'inia mlangoni, mahali hata mtoto analifikia usiku. Ndani weka chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko, humo kuwe na njiti na ubavu wake, kipande cha mshumaa, na vidonge kumi hivi vya pamba vilivyosuguliwa mafuta ya mgando, yale ya kujipaka. Hivi ndo ninavyovipenda kuliko vyote kwa dharura. Unachukua pamba ya dukani ukubwa wa yai, unaipaka mafuta nje na kuikandakanda lakini katikati unaacha pakavu. Siku ya shida unakichana kidogo, nyuzi kavu zisimame kama manyoya ya kifaranga, unagusa na njiti. Kimoja kinawaka dakika kadhaa na upepo hauuzimi kirahisi. Hakikisha ni pamba kweli, zile za nailoni zinayeyuka tu.

Alafu weka na panga la kupasulia kuni. Kuni ikinyeshewa maji yanakaa nje, kwenye gome na unene wa kidole hivi, ndani ni pakavu ikiwa ilikuwa imekauka kabla ya mvua. Tafuta tawi kavu la unene wa mkono ambalo halijalala chini, lile lililokwama kwenye mti ni bora, lipasue katikati, pasua tena, mpaka upate vijiti vya moyo wa mti. Kimoja kichonge kwa kisu ukishuka chini bila kukata mwisho, maranda yabaki yameshikilia yamejikunja, tengeneza hivyo vitatu vinne. Usiweke moto kwenye udongo uliolowa, unanyonya joto lote, tandika kwanza vijiti vinene sambamba kama jukwaa, juu yake weka ile pamba yenye mafuta, vile vijiti vya maranda, alafu vyembamba kama njiti, alafu vya kidole. Nyingine zizungushe pembeni zikauke wakati hizi zinawaka. Ukipata maganda ya mkaratusi makavu au kipande cha msonobari chenye utomvu wewe chukua, yale mafuta yake yanashika haraka sana.

Na kanisani mkifika, watoto wakiwa wanatetemeka, mtu atasema sigiri iingizwe ndani mlango ufungwe. Mkatalie hata kama ni mzee. Makaa yenye moshi yanakufanya ukohoe utoke, lakini yakishaiva mekundu hayana moshi wala harufu na bado yanatoa ile hewa ya sumu inayolaza watu wasiamke. Sigiri ikae barazani, maji yachemkie huko, chai iingie ndani ya vikombe, na watoto walale wamebanana chini ya blanketi moja.