Kitunguu saumu kimeisha na nyama iko jikoni

Ndugu yangu, umeuliza kama pilau ya nyama itatoka bila kitunguu saumu, kwa kuwa kimekuishia na duka la mtaani limeshafungwa. Nimepika pilau za nyumbani na za shughuli kwa miaka mingi, na jibu langu ni hapana. Wapikie wageni wali wa nazi na hiyo nyama uitie mchuzi. Pilau bila kitunguu saumu hubaki na harufu ya nyama mbichi, na ukisema ufidie kwa tangawizi, itawasha tu, utamu hutauona.

Lakini tafuta kwanza kwenye kapu. Ukipata hata punje mbili tatu, usizitupe nzima sufuriani. Punje nzima haina ule ukali. Ukali huzaliwa pale unapoitwanga, kimeng'enya chake, yaani kichocheo kilicho ndani ya punje, kikakutana na alini, kemikali isiyo na harufu, na kutengeneza alisini, ambayo ndiyo ukali wenyewe. Moto huua kimeng'enya hicho. Kwa hiyo twanga mpaka zilainike kabisa, ziache kwenye kinu kama dakika 10, ndipo uziweke jikoni. Punje chache zilizotwangwa hivyo zitakusaidia kwenye mchuzi. Ukiwa na kitunguu saumu cha unga, kitie mchuzi ukishachemka, maana kwenye mafuta ya moto huungua mara moja kikawa kichungu.

Maharage ya nazi na mchicha vinavumilia kukosa kitunguu saumu. Kaanga kitunguu maji kwa moto mdogo mpaka kiwe cha kahawia, weka hoho, endelea. Samaki wa kupaka ahirisha kabisa! Ile rojo ya kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na ndimu inayopenya kwenye zile chanjo za kisu ndiyo samaki mwenyewe.

Mimi hununua vitunguu saumu vile vidogo vya Mbulu, kule Manyara. Kuvimenya ni kazi, lakini harufu yake vile vikubwa vyeupe vya China havifikii. Vining'inize kwenye wavu penye hewa; ubaridi wa friji huvichipusha. Vingine twanga na tangawizi, gandisha kwenye vibati vya barafu, kila siku ya kupika unatoa kipande. Tafadhali usiviloweke kwenye mafuta ukaacha chupa kabatini. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na bakteria wa botulini hustawi humo wakatoa sumu inayoua, bila hata chupa kubadilika harufu.