Muulize Fundi: Ufunguo umekwenda kazini, gari limebaki na mama

SWALI: Shikamoo fundi. Mume wangu aliendesha hadi kazini kwake, akashuka, nami nikahamia kwenye usukani na kuondoka. Gari letu ni la kuwasha kwa kitufe. Lilipiga piii-piii, nikadhani ni mkanda. Nikafika kwa fundi cherehani, nikazima, nikachukua nguo zangu. Kurudi, haliwaki! Ufunguo uko mfukoni mwa baba watoto, naye yuko kikaoni, simu kaizima. Sasa ananilaumu mimi. Gari lilikubalije kwenda bila ufunguo?
Mke wa Mwenye Ufunguo

JIBU: Marahaba, dada. Ufunguo huo hutoa mawimbi ya redio yasiyofika mbali, na gari huutafuta pale unapobonyeza kitufe cha kuwasha. Wakati mumeo anashuka, injini ilikuwa inanguruma tayari. Watengenezaji waliamua kwa makusudi kwamba isijizime ufunguo ukipotea. Fikiria betri ya ufunguo inakufa wakati unalipita lori kwenye barabara kuu! Kwa hiyo gari hulalamika tu, na kuandika ujumbe kwenye dashibodi. Ukishazima, ndipo linapoudai ufunguo wake.

Nani mwenye kosa? Ujumbe ulikuwa mbele ya macho yako, ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Mimi ni fundi wa magari, ya ndoa yamalizeni wenyewe. Ila huyo aliyeshuka bila kuuliza "ufunguo nani anao?" asijifanye malaika.

Na siku betri ya ufunguo ikiisha (nyingi hutumia ile bapa iliyoandikwa CR2032), usivunje kioo. Ndani ya ufunguo huwa mna kiufunguo cha chuma cha kufungulia mlango. Ukiingia, kanyaga breki, gusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwasha, kisha bonyeza. Katika magari mengi linawaka, maana chipu iliyomo haihitaji betri. Mengine yana mahali pake pa kuuweka. Angalia kitabu cha gari, kile ambacho bado kimo kwenye nailoni.

SWALI: Fundi, haibridi yangu (gari lenye injini ya mafuta na mota ya umeme) imekufa. Nabonyeza, taa zinawaka, injini kimya. Nabonyeza tena, taa zinazima. Nimeshauziwa betri mpya, hali ni ileile.
Mchovu wa Kidole

JIBU: Liliwaka tangu ulipobonyeza mara ya kwanza, ukalizima mwenyewe. Haibridi mara nyingi huanza safari kwa mota ya umeme, na mota haingurumi. Kanyaga breki, bonyeza mara moja, tafuta neno READY kwenye dashibodi. Ukiliona, weka D uende zako. Ukimya huo umewasumbua hata watunga sheria: tangu Julai 2019, Umoja wa Ulaya unataka aina mpya za magari ya umeme na haibridi zitoe sauti zikiwa chini ya mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ili watembea kwa miguu wazisikie. Aliyekuuzia betri umwulize alipima nini.

SWALI: Nilimpa lifti mama mkwe. Katikati ya safari akaanza kusali, anasema homa inampanda kutokea chini. Nimpeleke wapi?
Mkwe Mwenye Hofu

JIBU: Kabla ya hospitali, tafuta kitufe chenye picha ya kiti na vimistari vya mvuke. Hicho ni cha kupasha kiti joto. Kizime, umsubiri dakika chache, halafu umwulize tena hali yake.