Maswali Yenu: Kusulubiwa kwa Yesu Kulivyochorwa na El Greco

Wiki iliyopita nilieleza picha ya Kusulubiwa ya mchoraji El Greco: Yesu yuko msalabani, malaika wanakinga damu yake. Haya ni baadhi ya maswali mliyoniletea.

Mbona Yesu amerefushwa vile? Nasikia mchoraji alikuwa na kasoro ya macho.

Hadithi hiyo ni ya siku nyingi, lakini haisimami. Jicho lenye kasoro lingeiona hata turubai anayochorea kwa kasoro ileile, na umbo lingetoka sawasawa. El Greco alirefusha kwa makusudi. Wachoraji wa mtindo huo wa Manierizimu, karne ya 16, hawakuridhika na umbo lililopimwa barabara, wakavuta viungo. Mtazameni tena: mwili hauning'inii kwa uzito, unapanda. Na picha ina zaidi ya mita 3 kwenda juu, ya kutazamwa kutoka chini.

Shikamoo mwalimu. Malaika wameshika nini pale mikononi mwa Yesu? Kwenye Injili siwaoni.

Marahaba, mwanangu. Hawakushika kitu. Wanakinga damu kwa viganja vitupu.

Ni kweli, Injili haiwataji pale Kalvari, aliposulubiwa Yesu. Lakini picha hii ilichorwa kati ya 1596 na 1600 kwa altare ya seminari ya watawa Waagustino mjini Madrid. Kijana aliyejiandaa kwa upadre alimwona padre akiinua kikombe cha divai, ambayo kwa imani yao ni damu ya Yesu, na pale altareni akaona damu yenyewe ikikingwa isidondoke. Nilitumikia misa miaka sita utotoni. Najua padre anavyokifuta kikombe polepole, akizungusha kitambaa hadi ndani kabisa, tone lisibaki. Kila nikiviona viganja vile nakumbuka kitambaa kile. Na chini, Maria Magdalena, mfuasi wa Yesu, amepiga magoti pamoja na malaika mwingine, wakipangusa hata damu iliyochuruzika msalabani.

El Greco ni jina lake halisi?

Hapana, maana yake ni Mgiriki tu. Aliitwa Domenikos Theotokopoulos, mzaliwa wa Krete, kisiwa cha Kigiriki, 1541. Alipitia Venice na Roma, akafia Toledo, Hispania, 1614. Sahihi yake aliitia kwa herufi za Kigiriki.

Picha iko wapi leo?

Makumbusho ya Prado, Madrid. Altare ile ilivunjwa mwanzoni mwa karne ya 19. Kati ya picha za altare hiyo, tano ziko Prado, moja iko Bucharest, Romania. Ukibahatika kufika, usione haya kuchuchumaa mbele yake uitazame kutoka chini.