Umesimama Mbele ya Picha, Unachosikia ni Njaa

Msomaji mmoja, mwanafunzi wa sanaa, ameniandikia juzi. Darasa lao lilipelekwa Kolo, Kondoa, mkoani Dodoma, kuangalia michoro ya kale ya miambani. Wenzake wakashikwa na bumbuwazi, mmoja akalia, jioni picha zikarushwa mtandaoni na maneno mazito chini yake. Yeye alisikia kiu tu, na mapaja yalikuwa yanamuuma kwa kile kilima. "Kaka, au mimi nina moyo wa jiwe? Niache hii fani?"

Usiache, mdogo wangu. Na kwa kuwa wengi mnaonifuata hapa mnataka kuchora au kuhakiki, acha nikujibu hadharani.

Mimi nilipata bahati ya kusoma ng'ambo. Siku moja tukapelekwa Tate Modern, jumba la sanaa la London, kwenye chumba cha mchoraji wa Marekani, Mark Rothko. Ni picha kubwa, nyekundu iliyoiva mpaka inaelekea weusi, na taa zimefifishwa maana mwenyewe alitaka hivyo. Alizianza mwaka 1958 kwa ajili ya mgahawa wa kitajiri New York, kisha akaghairi, akarudisha pesa. Zile alizowapa Tate zilifika London tarehe 25 Februari 1970, siku ileile aliyokutwa amekufa. Mtu akishakusimulia hayo mlangoni, unaingia ndani ukijua unatakiwa uhuzunike.

Wenzangu wakahuzunika kweli. Kuna aliyepiga magoti. Mimi nilikuwa nawaza basi la kurudi. Tulipotoka, mwalimu akaniuliza nimehisi nini, nikamwambia sijahisi kitu. Akatabasamu kwa huruma, akasema inaeleweka, kwetu Afrika sanaa ni ya kuchezwa na kuvaliwa, hatuna mazoea ya kutazama. Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali.

Hatuna mazoea ya kutazama! Mimi niliyekulia Sinza, Dar es Salaam, nikitoka shule napitia Mwenge kwa wachongaji, nachuchumaa kwenye vumbi la mpingo namwangalia fundi wa Kimakonde akifukua jicho la shetani kwa patasi nyembamba. Gogo kwa nje lina rangi ya maziwa yaliyoungua, tezo ikizama ndiyo weusi unatokea. Akimaliza anasugua kwa msasa, kisha rangi ya viatu. Kuna vinyago nilikuwa navikwepa kwa hofu, nazunguka upande wa pili. Kama huko si kuguswa na sanaa, basi sijui kuguswa ni nini. Miaka imepita, nimeandika, nimealikwa kuzungumza mbele ya watu wanaomzidi yule mwalimu kwa mbali, lakini kile kitabasamu chake bado kinanichoma.

Nilirudi kwenye kile chumba peke yangu, siku yenye watu wachache. Safari hii sikungoja chochote kinishukie. Nilisogea mpaka mlinzi akaanza kunikazia macho, nikafuatilia brashi. Brashi pana, imepita kwa haraka, rangi nyepesi kama maji, ya chini inachungulia kupitia ya juu. Pembeni kuna mahali mkono ulisita. Hapo ndipo kifua kilipobana. Sikulia, na sikumwambia mtu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: tafuta mkono wa aliyeifanya kazi. Usiitafute huzuni wala uzuri. Huo mkono ukishauona, moyo utafanya kazi yake wenyewe.

Pale Kolo utauona vizuri sana. Michoro mingi ya zamani ni ya rangi nyekundu ya udongo wenye chuma, na mistari yake ni myembamba mno. Kuna watu warefu wembamba ambao nywele zao zimechorwa uzi kwa uzi. Jaribu kuchora hivyo kwenye jiwe lenye chunusi, mkono umeuinua juu ya kichwa. Kisha tafuta ile michoro myeupe, ya baadaye. Hiyo ni minene, mingi imepakwa kwa kidole. Weka kidole chako hewani, mbali na ukuta, ufuatishe mistari yake. Mwili wako utajua tofauti kabla akili haijasema lolote.

Halafu kuna ile picha maarufu: mtu katikati, wengine wamemshika mikono huku na huku. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyenakili michoro ya eneo hilo mwaka 1951, aliona mwanamke anayetekwa. Wengine baadaye wakaitazama kwa macho ya Wasandawe, jamii ya huko huko Dodoma, na simbo, ngoma yao ya kupandisha mizimu, wakaona mtu aliyepandisha na wenzake wanamshikilia asianguke. Ukisimama pale na la kwanza kichwani utaingiwa na hofu. Ukienda na la pili utasikia kitu kama faraja. Mistari ni ileile! Ndiyo maana siamini sana machozi yanayotiririka dakika mbili baada ya maelezo ya kiongozi.

Na wataalamu nao wasikutishe. Mwaka 1879, huko Altamira, Hispania, Marcelino Sanz de Sautuola alikuwa anachunguza sakafu ya pango. Binti yake Maria, mtoto mdogo, ndiye aliyeinua macho akaona wanyama waliochorwa kwenye dari. Baba akatangaza kuwa ni kazi ya watu wa kale. Wakubwa wa fani wakakataa katakata, eti watu wa kale wasingeweza kuchora vizuri hivyo. Mmoja wao, Mfaransa Émile Cartailhac, alikuja kukiri kosa kwa maandishi mwaka 1902. Sautuola alikuwa amefariki tangu 1888. Mimi nikisoma habari hii hasira inanipanda, na sitaki ipoe.

Vijana, acheni kuigiza hisia! Mmejifunza kulia kwa ajili ya kamera, mnashindwa kukaa na picha moja muda wa kunywa kikombe cha chai. Mnataka kuwa wasanii wakubwa na macho yenu hayatulii. Kaeni. Tazameni. Tafuteni mkono, nimesema, na nitarudia.

Wewe dada uliyeniandikia, rudi Kolo bila darasa. Ofisi iko kijijini, kando ya barabara ya Kondoa kwenda Babati. Chukua mwongozaji hapo, nenda asubuhi, beba maji ya kutosha maana kiu nayo inakula macho. Maji hayo ni ya kunywa, usikubali mtu ayamwage ukutani ili rangi ing'ae, hivyo ndivyo michoro inavyokufa. Eneo lote lina zaidi ya miamba 150 yenye michoro, wewe chagua mwamba mmoja. Pale Mungomi, mmoja wa miamba hiyo, watu bado wanafanya matambiko, kwa hiyo ukikuta wenyeji wana shughuli yao, subiri wamalize. Na yule mwenzako aliyelia, muulize alikuwa anaangalia mchoro gani. Akikujibu, niandikie.