Jibu: Utafiti wa viumbe wa baharini ukiwa Dodoma

Salaam, ndugu. Umeeleza kuwa unamaliza shahada ya biolojia hapa Dodoma, unataka kutafiti jinsi wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo wanavyokua tangu yai, na umekwama kwa kuwa bahari iko mbali na mwalimu wako anakushauri ubadili mada. Usibadili.

Kwanza hakikisha unaweza kukaa na hadubini saa nyingi, ukichora unachokiona na kuandika muda wa kila badiliko, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mimi nilijifunzia kwenye mayai ya konokono wa mabwawani, ambayo utando wake mwangavu huonyesha seli zikigawanyika. (Vaa glavu na usiingie majini, kichocho kipo.)

Kisha waandikie Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, ukipendekeza kiumbe kimoja tu. Nilichagua jongoo bahari aina ya Holothuria scabra, ambaye huweza kuachia mayai maji yanapoongezwa joto kwa nyuzi 3 hadi 5. Lava wake, yaani mtoto aliyetoka kwenye yai, huogelea akila mwani mdogo kwa takriban wiki mbili, halafu huacha kula, husinyaa akawa kama pipa dogo na kutafuta mahali pa kutua. Wengi hufia katika hatua hizo, na wafugaji wa pwani wanahitaji sana vifaranga, kwa hiyo swali lako lina uzito.

Ukishaandika rasimu ya pendekezo, iweke hapa tuisome.