Alirusha ngumi nyingi zaidi, mbona ameshindwa kwa 5-0?

Swali: Mwanangu ana umri wa miaka 19 na anacheza ngumi za ridhaa. Katika pambano lake la mwisho alimwangusha mpinzani katika raundi ya tatu, tena alirusha ngumi nyingi kumzidi, lakini akatangazwa ameshindwa kwa 5-0. Kocha wake anasema majaji walinunuliwa. Kuna mtu anayetaka tumlipe ili ahesabu ngumi zote katika video na kututolea ripoti ya ushahidi. Je, majaji huwa wanahesabu nini hasa?

Jibu: Ndugu mzazi, nimekaa kwenye kiti cha jaji kwa miaka mingi, na swali lako hunifikia karibu kila mashindano yanapomalizika. Pambano lenyewe sikuliona, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba mwanao alistahili kushinda au kushindwa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba hakuna hata jambo moja kati ya uliyoyataja ambalo, kwa lenyewe, linaonyesha kuwa alidhulumiwa.

Nianze na hiyo 5-0, ambayo huwaumiza watu bure. Tarakimu hizo huhesabu majaji walioona bondia fulani ameshinda, wala hazisemi alishinda kwa tofauti gani. Kila jaji hutoa pointi zake raundi kwa raundi bila kushauriana na mwenzake: mshindi wa raundi hupewa 10, na mwenzake hupewa 9 ikiwa walikaribiana, 8 ikiwa alizidiwa waziwazi, au 7 ikiwa alizidiwa kabisa. Raundi ya sare haipo. Ikiwa mwanao alishindwa raundi mbili za kwanza kwa tofauti ndogo kisha akaishinda ya tatu, majaji wote watano wanaweza kuandika 29 kwa 28, na mtangazaji atasoma 5-0 kwa pambano lililokuwa la kukabana koo hadi kengele ya mwisho.

Kuhusu kumwangusha mpinzani, hapo wengi huchanganya ridhaa na ngumi za kulipwa. Katika ngumi za kulipwa, anayeangushwa kwa kawaida hupoteza pointi moja ya ziada. Katika ridhaa hakuna pointi inayoongezwa kwa sababu mtu ameanguka. Konde lililomwangusha huhesabiwa kuwa konde safi, basi. Mpinzani akianguka katika sekunde ya kumi, akahesabiwa hadi nane, kisha akatawala ulingo kwa muda uliobaki katika dakika tatu zile, jaji anaweza kwa haki kabisa kumpa raundi yule yule aliyeanguka. Hata kama jaji mmoja aliona kishindo cha mwanao kinastahili 10-8, na raundi mbili za mwanzo alishindwa kwa 10-9, jumla ingekuwa 28 kwa 28, na jaji huyo angelazimika kumtaja mshindi.

Sasa nije kwenye hili la wingi wa ngumi, ambalo kusema kweli limenichosha. Ngumi iliyorushwa haina thamani yoyote kwa jaji mpaka ifike, na si kila inayofika inahesabika. Inatakiwa ipige kwa sehemu ya glovu inayofunika vifundo vya vidole, ngumi ikiwa imefumbwa. Itue mbele au ubavuni mwa kichwa au kiwiliwili, juu ya mkanda. Iwe na uzito wa bega au wa mwili nyuma yake. Na isiwe imezuiwa. Ukikaa mbali na ulingo, kinachokufikia ni mlio, na glovu inayogonga glovu au mkono wa kujikinga hulia vizuri kuliko konde fupi linalozama chini ya mbavu, ambalo halisikiki sana ila humfanya aliyepigwa ashushe kiwiko na kurudi hatua moja. Jukwaa hushangilia ule mlio. Jaji anatazama kile kiwiko. Zaidi ya makonde safi, jaji hupima nani anatawala pambano kwa ufundi na mbinu, na nani anashindana kweli, kisha hupewa sekunde 15 hivi baada ya kengele kubonyeza uamuzi wake.

Imani ya kuhesabu ina historia, na nakubali kwamba sisi waamuzi tumechangia. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Roy Jones Jr. wa Marekani alinyimwa dhahabu kwa kura 3-2 katika fainali ambayo karibu kila aliyeitazama aliona ameshinda. Baada ya aibu ile ikaletwa mashine: tangu Barcelona 1992 hadi London 2012 majaji walihesabu makonde kwa kubonyeza kitufe, na kwa miaka mingi konde lilipata pointi pale tu watatu kati ya watano walipobonyeza ndani ya sekunde moja. Matokeo yake mabondia wakajifunza kugusa kichwa na kukimbia, na makonde ya mwilini yakawa karibu hayana faida kwa sababu yalikuwa magumu kuonwa na watatu kwa wakati mmoja. Mwaka 2013 utaratibu ule uliachwa. Wapo makocha ambao bado wanafundisha kana kwamba mashine ile ipo.

Sikuambii kwamba majaji ni malaika. Baada ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 waamuzi na majaji wote 36 waliotumika walisimamishwa, na sababu zilikuwepo. Lakini huyo anayeuza ripoti ya video anawauzia wazazi uchungu wao wenyewe. Ana kamera ya upande mmoja, kwa hiyo kila mara mgongo wa bondia unapoziba anakisia. Anajumlisha dakika tisa kwa pamoja, ilhali kila raundi huamuliwa peke yake. Na karatasi yake haipokelewi popote. Mashindano yenye utaratibu wa rufaa huipokea rufaa hiyo kutoka kwa kiongozi wa timu, ndani ya muda mfupi baada ya pambano, na waliowekwa rasmi ndio wanaopitia picha. Yeye anakuja wiki mbili baadaye na bei mkononi.

Vivyo hivyo jihadharini na wanaofundisha vijana "kuiba raundi" kwa kurusha ngumi ovyo katika sekunde 20 za mwisho, au kuinua mikono kengele inapolia ili kumshawishi jaji. Kijana aliyezoea kurusha ovyo hupiga kwa kiganja cha glovu, huinamisha kichwa, humng'ang'ania mwenzake akichoka, na mwamuzi wa ulingoni akimpa onyo rasmi, pointi moja huondolewa kwenye karatasi ya kila jaji. Ile 29-28 aliyokuwa ameshaishika inageuka sare. Onyo la tatu humtoa kabisa mchezoni.

Kwa mwanao, ombeni kupitia klabu yake karatasi ya alama inayoonyesha kila jaji na kila raundi. Mkikuta wote watano walimnyima raundi ya kwanza na ya pili, itazameni ile video bila sauti, na badala ya kuhesabu ngumi zake, tazameni zile zilizompata.