Ukiandika makala kuhusu mwanafalsafa asiyejulikana, anza na hoja yake

Makala yangu ya kwanza ya ensaiklopidia ilimhusu Anton Wilhelm Amo, mwanafalsafa wa karne ya 18. Nilijaza miaka na miji: alizaliwa 1703 hivi karibu na Axim, katika Ghana ya leo, akapelekwa Ulaya angali mtoto, akaingia chuo kikuu cha Halle mwaka 1727, akafundisha Halle na Jena, akarudi Afrika Magharibi karibu na 1747. Nikasisitiza sana kwamba alikuwa Mwafrika. Msomaji mmoja akaniuliza swali moja: huyu mtu alisema nini? Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo nimebadili namna ninavyoandika.

Nilirudi kwenye tasnifu aliyoitetea Wittenberg mwaka 1734. Humo Amo anapinga kwamba akili ya mwanadamu ina hisia, na hoja yake inafuatika hatua kwa hatua. Kinachohisi kina uhai. Chenye uhai hutegemea lishe. Kinachotegemea lishe hukua, na mwisho wake huvunjika kurudi kwenye vitu vilivyokiunda. Kitu cha aina hiyo kina sehemu, kinagawanyika. Basi tukisema akili inahisi, tumeshaifanya kuwa mwili. Kuhisi ni kwa mwili wenye uhai, na hapo ndipo Amo anapogombana waziwazi na Descartes, mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 17. Aya hiyo moja ilinichukua wiki mbili, na ndiyo pekee katika makala nzima ambayo sijawahi kutaka kuifuta.

Sehemu kubwa ya muda huo iliishia kwenye neno moja. Amo aliandika kwa Kilatini, na neno lake ni mens. Niseme akili? Roho? Nafsi? Kwa Kiswahili mtu huumwa na moyo na huchoka akili, kwa hiyo msomaji anaweza kuona Amo anakana jambo ambalo kila mtu hulisema kila siku. Ushauri wangu: chagua neno moja, mwambie msomaji mapema umelichagua kwa maana ipi, kisha ushikamane nalo hadi mwisho. Ukianza na akili ukamalizia na roho, umeivunja hoja ya mtu asiyeweza kujitetea.

Wapo pia waliofichwa ndani ya makala za wengine. Elisabeth wa Bohemia hutajwa kama binti mfalme aliyeandikiana barua na Descartes, basi. Lakini ni yeye aliyemuuliza, mwaka 1643, swali lililomhangaisha: roho isiyo na mwili, isiyoweza kugusa wala kuguswa, inausukumaje mwili utembee? Descartes alijibu, naye hakuridhika, akasema hivyo. Baada ya Descartes kufariki mwaka 1650 Elisabeth alikataa barua alizoandika yeye zichapishwe, na hazikutoka hadi karne ya 19. Mtu wa namna hii anastahili makala yake mwenyewe, na swali hilo liwe katika sentensi mbili za mwanzo, kabla ya ukoo wake.

Dhana nazo zinahitaji makala, na hapa ndipo sisi tunaotumia Kiswahili tuna kazi ambayo hakuna atakayetufanyia. Alexis Kagame, padri na msomi wa Rwanda, alichapisha mwaka 1956 utafiti kuhusu dhana ya kuwa kwa Kinyarwanda. Alivigawa vyote vilivyopo katika makundi manne: umuntu, yaani kilicho na akili; ikintu, kisicho nayo; ahantu, mahali na wakati; na ukuntu, namna. Mzizi ni -ntu. Msomaji wa Kiswahili ataona mtu na kitu papo hapo bila kufafanuliwa. Alipoyatazama makundi kumi ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, Kagame alisema yanaenea ndani ya haya manne.

Usiishie kwenye fahari, lakini. Mwanafalsafa Paulin Hountondji wa Benin, katika kitabu chake cha 1976, aliushambulia mtindo huo wote: sarufi ya watu si falsafa yao, na falsafa ni hoja za watu binafsi wanaobishana. Nadhani ana haki kwa sehemu kubwa. Ngeli za nomino hazithibitishi kwamba babu zetu walikuwa na nadharia moja kuhusu vilivyopo. Hata hivyo, lugha inaweza kuonyesha pale hoja ya kigeni inapokwama. Jaribu mwenyewe kutafsiri sentensi maarufu ya Descartes. Utaandika: nafikiri, kwa hiyo nipo. Sasa itazame ile -po. Ni mahali. Descartes alikuwa ameshatilia shaka mwili wake na kila mahali, nasi tumemrudisha mahali kwa silabi moja. Mwanafalsafa Kwasi Wiredu wa Ghana alionyesha jambo hilihili kwa Kiakan, ambamo kuwapo ni kuwa hapo. Makala ya dhana inayomfikisha msomaji hadi hapo imefanya kazi yake.

Jambo la mwisho ni ugomvi kuhusu mwandishi. Hatata ya Zera Yacob, kitabu cha Kigeez, lugha ya kale ya Ethiopia, inajitaja kuwa ya karne ya 17, na ni maandishi mazuri mno kuhusu kuipima kila dini kwa akili. Mwaka 1920 msomi Mwitalia Carlo Conti Rossini alidai kwamba iliandikwa na mmisionari Giusto da Urbino katika karne ya 19. Msomi Claude Sumner alimpinga kwa miaka mingi, na mjadala haujaisha. Nilipoandika mara ya kwanza niliuficha ugomvi huo chini kabisa, kwa kuogopa kumshusha Zera Yacob. Sasa naupandisha juu, na pande zote mbili nazipa nafasi, kisha naeleza hoja zilizomo, kwani hizo zipo mbele yetu yeyote aliyeziandika.

Wiki hii niko kwa Walda Heywat, anayetajwa kuwa mwanafunzi wa Zera Yacob. Sentensi ya kwanza nimeiandika mara tano, na neno linalonisumbua ni "anayetajwa".